Neno Ambalo Hakuliandika

"Yu-bi-kwi-tasi," baba alisoma kadi kwa kuikatakata, kama anayevunja tofali. "Hiki ni Kiingereza, au unautukana ukoo wangu?"

"Ni kitu kinachopatikana kila mahali," binti alijibu, akiendelea kufua.

"Kama umbea."

Wakacheka. Binti alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa Kiingereza wa wauguzi. Kila asubuhi mzee, fundi mwashi asiyejua lugha hiyo ila herufi zake, alimpima kwa kadi alizoandika binti.

"Haya, mwanangu, na hili: metastasi."

Mikono ya binti ilisimama ndani ya povu. Neno hilo hakuliandika. Alilijua kutoka wodini: saratani imehama ilipoanzia, imesambaa mwilini.

Aligeuka. Baba hakuwa akitazama kadi. Alikuwa akimtazama yeye, huku kidole gumba kilichopasuka kwa saruji kikikunja pembe ya kadi, kikiikunjua, kikiikunja tena.

"Jana ulisema daktari kakwambia ni uzee tu."

"Daktari alimwaga Kiingereza chake. Nikaona haya kuuliza, baba mzima wa muuguzi! Nikaitikia kwa kichwa kama msomi. Hilo moja ndilo nililoling'ang'ania njia nzima." Alijaribu kucheka. "Umekwama, eh? Leo nimekupata."

Binti alijifuta mikono kwenye gauni, polepole, kidole kimoja kimoja. Akasogeza kigoda hadi magoti yao yakagusana.

"Sijakwama, baba," alisema. "Lete mkono."