Springi ya Mercyline

Mercyline alikaza meno, akavuta kwa mikono yote miwili. Ule mkono wa chuma ulisogea kidogo, ukarudi ulikotoka. Sanduku la visu vya kukatia nyasi, linaloning'inia chini ya tumbo la trekta, halikupanda hata kidogo.

"Aki nimeshindwa, bro," alisema huku akijipuliza viganja.

"Tulia. Hii springi haina nguvu ya kukusaidia. Nitatafuta ingine," Lawrence alimjibu.

Trekta lenyewe lilikuwa dogo, la bustani, lakini liliwazidi umri wote wawili. Baba yake sir, mwenye nyumba, alilinunua akiwa kijana, na sir aliapa kwamba nyasi zake hazitakatwa na mashine nyingine maadamu yeye yu hai. Kulinyanyua lile sanduku kila linapofika kwenye njia ya vigae kulitaka kifua cha mtu. Watunza bustani waliomtangulia Lawrence walijaribu, kisha wakaomba kuhama. Yeye, aliyekulia kubeba mikungu ya ndizi kwenye milima ya Kisii, alilipandisha kwa mkono mmoja, na sir akampa jina la Jeki. Jina hilo alilipenda mno.

Kero ilikuwa moja. Kila madam, Bi Khairunisa mke wa sir, alipotoka na wageni wake wa kike kunywa chai bustanini, Lawrence ilimbidi aliache trekta palepale akajibanze nyuma ya ukuta, kwani mwanamume wa nje hakai mbele ya wanawake wa nyumba ile. Mara nyingi nyasi zilibaki nusu zimekatwa mpaka jua linazama. Madam alinuna. Lawrence yeye alijinyoosha kivulini akasinzia.

Basi siku madam alipomwita na kumwambia, "Dada yako akiliweza trekta hili, namchukua," nusura Lawrence acheze ngoma. Madam alilelewa na wazee waliotoka Unguja, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko cha Lawrence, kwa hiyo hapakuwa na neno lililopotea njiani.

Viza ya Mercyline ilikuwa inakwisha. Kampuni ya usafi iliyomleta haikumtaka tena, na akikosa kafeel mwingine, yaani mwajiri wa kumdhamini viza, angerudishwa nyumbani mikono mitupu, kwa mama aliyekwisha kuwatangazia majirani wote kwamba wanawe wako Dubai. Lawrence ndiye aliyemwita aje. Alimpenda huyu kitinda mimba wao kupita kiasi, na hilo tuliseme wazi. Kichwani alishapanga kila kitu: Mercyline atakata nyasi wanawake wakiwa nje, yeye atakata saa nyingine, na jioni watasonga ugali pamoja.

Siku yake ya mapumziko alikwenda Satwa, kwenye gereji ya Wahid, fundi wa Mombasa.

"Mkono wako umechoka?" Wahid aliuliza, akichakura kwenye vyuma chakavu.

"Si wangu. Ni wa dada yangu."

"Ala! Basi wewe ndugu kweli. Wangu mimi hata simu hawanipigii."

Akampa springi nene iliyotolewa kwenye lango bovu.

Hiyo nayo ikazidi nguvu. Sanduku lilirukia juu likagoma kushuka, visu vikawa vinakata hewa. Lawrence hakukata tamaa. Aliunga kipande cha mnyororo na boliti ndefu, ili springi aikaze au ailegeze apendavyo. Kila Ijumaa Mercyline alikuja kutoka Discovery Gardens, mtaa alikokaa, akapitia kwanza jikoni kumsalimu madam, na salamu hizo zilichukua muda. Ndipo alipotoka kujaribu. Lawrence alikaza boliti, akautazama ule mkono mwembamba unavyovuta, akakaza tena.

"Na ikikataa kuwaka asubuhi?" Mercyline aliuliza. "Grisi unaweka wapi? Huu mkanda unabadilishwa aje?"

"Si nitakuwa hapa? Utaniita tu."

"Nifunze tu, bro."

Akamfundisha. Alimwonyesha hata ile siri ya kugonga stata kwa nyundo likigoma, ambayo sir mwenyewe hakuwahi kuonyeshwa. Fahari ilimjaa kifuani. Msichana gani ana bidii hivi!

Siku ya majaribio, sir na madam walitoka pamoja. Mercyline alipanda, akawasha, akakata mstari ulionyooka hadi kwenye vigae. Hapo akaushika mkono wa chuma kwa vidole, kama anayeinua kikombe cha chai, na sanduku likapanda taratibu. Akavuka. Akalishusha upande wa pili, nyasi zikaanza kuruka tena.

Madam alipiga makofi. "Hodari! Khalas, kuanzia kesho bustani yako wewe. Na sisi tutakaa nje tutakavyo."

Lawrence alicheka kwa sauti, machozi yakimlengalenga. Sir alimjia, akampigapiga begani, akatoa pasipoti mfukoni na kumkabidhi.

"Mungu akulipe kheri, Lawrence," madam alisema. "Ndege yako ni leo usiku. Nyumba hii haina haja ya watu wawili bustanini."

Lawrence aliikodolea macho pasipoti yake. Hakuelewa. Kisha akaelewa. Alimgeukia dada yake, ambaye bado alikuwa juu ya trekta.

"Mercy, waambie basi. Waambie hatukukubaliana hivi."

Mercyline alizima injini.

"Ovaroli uivue uache hapa, bro," alisema bila kumtazama. "Nilishamwambia madam nitaipunguza mikono."