Mahali pa Lakini

"Nakupenda, Bishara, lakini umenichosha," mama alisema.

Bishara aliinuka mezani, mikono ikitafuta kitu cha kurusha. Kwa sababu ya mikono hiyo, nyumba yao ilikuwa inakula kwenye sahani za plastiki. Vyombo vya udongo alikuwa amevivunja karibu vyote, na vilivyobaki mama alivifungia kabatini.

Safari hii hakurusha kitu. Alifungua friji, akachukua pande la barafu, akalifumbata kama walivyofundishwa kwenye kikundi chao cha kutuliza hasira kule kliniki. Maji yakamchuruzika hadi kwenye kiwiko.

"We mtoto, unafanya nini?"

"Nangoja hasira ipite." Akavuta pumzi ndefu. "Mama, mwalimu wetu anasema tuitoe 'lakini', mahali pake tuweke 'na'. Ukisema 'lakini', unafuta ulichotangulia kusema."

Mama aliguna. "Maneno tu hayo."

"Jaribu basi."

Mama alikitazama kiganja kile kilichokufa ganzi, kikidondosha maji sakafuni. "Nakupenda," alisema taratibu, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi, "na umenichosha."

Akajisikiliza. Hakuna kilichofutika.

"Na mimi nimejichosha, mama," Bishara alisema. "Na nakupenda."

Mama akafungua fundo kwenye pindo la kanga, akatoa ufunguo, akaenda kabatini. Alirudi na kikombe cha udongo, kile cha mwisho chenye maua. Akakimiminia chai, akakiweka kwenye mkono wa Bishara, uliokuwa bado umelowa.

Kisha akakiachia.