Kima na Hesabu ya Mamba

Hapo kale Kima alishinda juu ya mti akihesabu wanyama waliovuka mto. "Mamba hukamata mmoja tu katika mia," akatangaza. "Vukeni bila hofu."

Kongoni akamwamini, akavuka na ndama wake. Mamba akamkamata ndama. Mama akarudi chini ya mti kwa hasira.

"Pole, mama," Kima akasema, "lakini hesabu yangu ni sahihi. Wengine wote wamevuka salama."

"Mwanangu hakuliwa sehemu moja ya mia, ameliwa mzima! Haya, shuka uvuke wewe."

Kima akang'ang'ania tawi. "Leo? Nitajuaje kama Mamba ameshiba?"

"Kumbe hujui!" Kongoni akafoka. "Hujui, na bado ukatuambia tusiogope!"

Wanyama wakampa Kima kisogo, wakaenda kutafuta kivuko cha maji mafupi.