Alizeti Zisizosikia Dawa

"Mama, hazisikii dawa," afisa wa kilimo alisema, akiwa amechuchumaa katikati ya alizeti.

Gladwell alikibana kiberiti mfukoni mwa aproni. Maneno hayo hayo aliambiwa na daktari wa mifugo, na kufikia jioni ng'ombe wake alikuwa amekufa. Sasa alizeti za mbegu hii mpya zimegoma kurefuka, zimeishia kiunoni, na Kiganjo nzima inasema ni ugonjwa. Kama ni ugonjwa, shamba lote lichomwe.

"Basi nichome tu," alisema kwa sauti ndogo.

"Uchome nini? Kuja uone."

Siku aliyonyunyiza dawa ya kurefusha mimea, afisa alikuwa amefunga uzi mwekundu wa sufu kwenye vijiti, sawa na ncha za alizeti hizo na za kienyeji zilizo mstari wa pembeni.

"Hizi za kienyeji zimesikia, zimeupita uzi. Hata alizeti iliyodumaa kwa ugonjwa ingerefuka kidogo. Zako ziko pale pale. Ufupi huu ni wa kuzaliwa, uko ndani ya mbegu. Upepo wa mlima hautaziangusha."

"Ati kutosikia dawa ni kuzuri?"

"Kwa hizi, ni kuzuri sana."

Gladwell alicheka mpaka akakaa chini kwenye udongo. Kisha akatoa kiberiti.

"Basi ngoja nikawashe moto wa chai."