Pikipiki ya Zefania Inavuta Kushoto

Siku hizi pikipiki hujifunza mwili wa mwenyewe, ikamfuata kila anapoegemea. Ya Zefania ilikuwa naye miaka minane, na wiki nzima ilikuwa inavuta kushoto. Abiria walishaanza kumkwepa, na bodaboda ndiyo ugali wake. Akaipeleka kwa Fundi Stamili, yule asiyegusa spana kabla hajaiendesha pikipiki mwenyewe kuzunguka soko.

Fundi alirudi akicheka. "Shemeji, pikipiki nzima. Kwangu imenyooka kama rula."

"Basi imekupenda wewe."

"Imenipenda nini! Wewe ndiye unayelalia kushoto, yenyewe inakufuata tu. Kapimwe."

"Nimeleta pikipiki, sikujileta mimi. Ifundishe inibebe, hayo mengine baadaye."

Fundi alimtazama kidogo, utani ukamwisha. Akachomeka kifaa chake chini ya tangi, akaifundisha pikipiki kusukuma kulia kila mwenyewe anapoegemea kushoto. Kazi ikaisha kabla kahawa haijapoa.

Zefania akaondoka amenyooka, raha tupu. Alipata abiria wawili njiani, akawaimbia wote wawili bila kuombwa. Nyumbani alizima injini, akalipapasa tangi kwa shukrani, kisha akaelekea mlangoni, ambako harufu ya vitumbua vya mkewe Tausi ilikuwa imetangulia kumpokea.

Bega lake la kushoto likagonga fremu.

"Kulikoni, mlango umehama?" Tausi akacheka.

"Umehama, mke wangu," alisema Zefania, akicheka naye. Akarudi nyuma hatua mbili, akalenga tena.