Kisu Kisicho na Uzi

Mkuu mpya wa wilaya, mwanamke, alipofika msibani, wanaume walimwekea kiti cha mbele na chupa ya maji baridi. Hakukaa. Alizunguka uani, kwenye moshi, ambako wanawake wa mtaa walikuwa mkekani wakikata vitunguu.

Katika mji ule kila mwanamke huja msibani na kisu chake, kimefungwa uzi wa rangi yake kwenye mpini ili visichanganyike. Anayekuja mikono mitupu ni mgeni, hata awe nani.

Mkuu wa wilaya alivua viatu, akatoa mkobani kisu kilichoviringishwa gazeti, akakaa. Mazungumzo yakakatika.

Bi Riziki, msimamizi wa masufuria, alipita akaokota kipande cha kitunguu.

“Hivi vinene vya nani?”

Wanawake wakainamisha macho.

“Vyangu, mama,” alisema mkuu wa wilaya.

“Vitaungua nje, ndani vibichi. Rudia.”

Akarudia vyote, machozi yakimtiririka, mpaka vikawa vyembamba kama ganda lenyewe. Jirani yake akamsogezea beseni. Mwingine akaendelea na kisa alichokuwa amekikatisha.

Kazi ilipokwisha, visu vilioshwa pamoja kwenye karai. Bi Riziki akachagua kile kisicho na uzi, akakigeuzageuza. Kisha akauma pindo la kanga yake, akavuta uzi mwekundu.

Dereva alichungulia mlangoni. “Mheshimiwa, gari liko tayari.”

“Mngoje,” Bi Riziki alisema bila kuinua kichwa, akikaza fundo la kwanza. “Hajachukua kisu chake.”