Kochi la Kuazima

Ufagio ulikwaruza sakafu gizani, kabla ya adhana. Asubuhi hiyo ofisa wa mtaa angepita nyumba hadi nyumba, kuandika watakaopewa unga wa msaada. Mwanaidi hakulelewa kumpokea mgeni hivi hivi. Aliazima kochi na vikombe vya maua kwa jirani, akachemsha chai kwa sukari yake ya mwisho.

Ofisa alipiga mafunda mawili, akalipapasa kochi.

“Dada, mbona mko vizuri! Tuwaachie wenye shida.”

“Hili la kuazima, kaka. Haki ya Mungu.”

“Kila nyumba leo imeazima?” Akacheka, akalikata jina la Mwanaidi kwenye orodha yake, akaaga.

Mwanaidi alibaki ameshika mlango. Nyuma yake, bintiye alichungulia kikombe.

“Mama, mgeni amebakisha chai.”